Halojeni, zenoni au LED? Kamera au rada? Kuchagua taa na macho ya gari kwa barabara za Dar

Ukiingia yadi yoyote ya magari hapa Dar, swali la taa siku hizi linakuja mapema, mara tu baada ya kilomita na ulaji wa mafuta: "Hii ina LED?" Muuzaji akijibu ndiyo, mnunuzi anaridhika na habari ya taa inafungwa. Swali si baya, ila halitoshi kwa kazi tunayoitaka taa ifanye. Kwetu jua linazama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka kazini Posta kurudi Bunju, Mbezi, Chanika au Kigamboni anaendesha gizani karibu kila siku ya kazi. Njiani anakutana na bodaboda isiyo na taa ya nyuma, guta lililobeba mabati, mama mwenye ndoo kichwani anayevuka pasipo na kivuko, na lori bovu lililowekewa matawi ya mti badala ya pembetatu.

Kipimo nitakachotumia hapa ni mita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga breki, mita 33 zimeshakwenda kabla mwendo haujaanza kupungua. Breki nzima kwenye lami kavu zinadai mita nyingine 35 hivi. Jumla ni karibu mita 70. Taa fupi ya kawaida inamwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 50 hivi mbele, pengine pungufu. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kisheria maeneo ya makazi, unahitaji mita 35 tu na taa ileile inakutosha. Kwa hiyo kila teknolojia hapa chini naiuliza jambo moja: inaniongezea mita ngapi, na kwa gharama gani? Na niseme mapema nilikofikia: kwa wengi wetu mita za bei nafuu kuliko zote ziko kwenye taa tulizonazo tayari.

Taa zenyewe

| | Halojeni | Zenoni | LED ya kiwandani |
|---|---|---|---|
| Umeme, taa fupi | wati 55 | wati 35 | mara nyingi pungufu ya halojeni |
| Mwanga wa balbu | lumeni 1,000 hadi 1,500 | lumeni 3,200 | hutegemea muundo wa taa |
| Rangi | njano kidogo, kelvini 3,200 hivi | nyeupe, kelvini 4,300 hivi | nyeupe kali, kelvini 5,000 hadi 6,000 |
| Maisha | saa 500 hadi 1,000 | saa 2,000 hadi 3,000 | huweza kudumu kama gari |
| Ikifa | balbu tu | balbu au balasti | mara nyingi taa nzima |

Halojeni ndiyo kongwe. Ilianza kwenye taa za mbele za magari huko Ulaya mwaka 1962, na balbu ya H4, yenye miguu mitatu, ambayo utaikuta kwenye Vitz, Probox na Hiace nyingi za mji huu, ilikuja mwaka 1971. Ichukue H4 mkononi uitazame vizuri. Ndani ya kioo kuna nyuzi mbili, mmoja wa taa ndefu na mmoja wa taa fupi. Ule wa taa fupi una kijikombe cha chuma chini yake, na upande mmoja wa kijikombe umekatwa kwa mshazari. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta (kikombe king'aavu cha ndani ya taa kinachorusha mwanga mbele), kwa sababu ungefika huko ungerushwa juu, machoni mwa anayekuja. Ule mshazari nao unaruhusu mwanga kupanda kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara wanakotembea watu. Chuma chenye upana wa kucha kinabeba adabu yote ya taa fupi.

Hapo ndipo tuna bahati na magari ya Japani. Wao wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo taa zao zinainua mwanga upande uleule tunaouhitaji. Taa iliyotengenezwa kwa Ujerumani, Marekani au Dubai inainua mwanga upande wa kulia, yaani moja kwa moja usoni mwa mwenzako. Ukienda Gerezani kutafuta taa mtumba ya BMW au Benz, usiulize bei kabla hujauliza imetoka kwenye gari lenye usukani upande gani.

Zenoni iliingia barabarani mwaka 1991 na BMW 7 Series. Haina uzi. Umeme wa volti zaidi ya 20,000 unaruka kati ya ncha mbili ndani ya gesi, kisha balasti, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, inautuliza na kuulinda. Wati 35 zinatoa mwanga zaidi ya mara mbili ya halojeni ya wati 55. Ndiyo utakayoikuta kwenye Harrier, Crown, Mark X na Alphard nyingi za miaka ya 2000, na mimi naiheshimu sana: zenoni ya kiwandani yenye projekta safi (lenzi ya mviringo ndani ya taa inayoelekeza mwanga) bado inaishinda LED ya bei ya chini kwenye barabara nyeusi ya Chalinze. Inachukua sekunde chache kufika mwanga wake kamili, na kuzeeka kwake ni kwa kificho. Haikatiki ghafla kama halojeni. Inafifia polepole na rangi inaanza kuvuta kwenye waridi au zambarau, na dereva anaizoea bila kujua amepoteza nini.

Kwenye zenoni, herufi zilizoandikwa kitakoni si mapambo. D2S na D4S ni za projekta. D2R na D4R ni za reflekta, na hizi zimepakwa rangi nyeusi sehemu ya kioo ili mwanga usitawanyike. Ukiweka S kwenye taa ya R, unapofusha barabara nzima. D2 na D4 nazo hazibadilishani, kwa kuwa D4 haina zebaki na inafanya kazi kwa volti tofauti na balasti tofauti. Na fundi asiguse soketi ya zenoni taa ikiwa inawaka. Volti zile zinaua.

Kuna kifaa kingine cha zenoni ambacho hapa Dar tunakiua sisi wenyewe: sensa ya kusawazisha taa. Ni mkono mdogo uliofungwa kwenye saspensheni ya nyuma. Ukipakia watu watano na magunia, mkono unasoma kwamba nyuma imekaa chini na unaziinamisha taa. Sasa sisi tunapenda kunyanyua magari kwa spesa na springi ndefu ili yasiguse matuta ya mitaani. Gari likinyanyuliwa, mkono ule unasoma uongo, au fundi anaukata kabisa kwa sababu haufiki. Taa zinabaki zimekodoa juu au zimeinama miguuni. Ukinyanyua gari, bajeti yako iwe na upimaji wa taa ndani yake.

LED ya kiwandani ilianza na taa fupi ya Lexus LS 600h mwaka 2007. Nyuma yake kuna kazi ya wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kutengeneza LED ya bluu. Bila bluu hakuna nyeupe: kipande kinachotoa mwanga wa bluu kinafunikwa kwa fosfori ya njano, unga unaobadili rangi ya mwanga, na jicho linaona mweupe. Inawaka papo hapo, inakula umeme kidogo, na kwa kuwa ni ndogo mhandisi anaweza kuupanga mwanga kwa vipande, jambo nitakalolirudia kwenye taa zinazojiendesha. Upande wa pili wa hesabu, ikifa au ikigongwa na bodaboda Ubungo, mara nyingi unanunua taa nzima. Pia haitoi joto kwa mbele kama halojeni, hivyo unyevu ukiingia ndani wakati wa masika unachelewa kukauka.

Sasa, balbu za LED za kupachika. Zinauzwa kila kona ya Kariakoo, boksi limeandikwa lumeni za kutisha, na fundi anakufungia kwa dakika chache. Sizipendekezi kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, na sababu ni ile ya kijikombe. Reflekta ilichorwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali maalumu, unaong'aa pande zote. Balbu ya LED ina vipande bapa pande mbili, na tofauti ya milimita moja au mbili inatosha kuvuruga kila kitu. Mwanga mwingi unamwagika karibu na bampa, mwingine unaruka juu, na ule wa mbali unapungua. Dereva anafurahi kwa sababu mita 15 za mbele zinang'aa kama uwanja wa mpira, lakini mboni ya jicho inajikaza kwa sababu ya mwanga ule wa karibu, na kule mita 60 aliko mvuka barabara panazidi kuwa peusi. Umelipia mita, umepunguziwa mita, na wote wanaokuja mbele yako wameumia macho.

Rangi nayo inapotosha. Kelvini ni rangi ya mwanga. Nguvu haimo humo. Halojeni iliyopakwa bluu ili ionekane "nyeupe" inatoa mwanga pungufu ya ile ya kawaida, kwa sababu rangi hiyo inachuja.

Mita zilizofichwa kwenye taa uliyonayo

Kabla hujabadili aina ya taa, angalia vitu vitatu. Nakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo fedha ndogo inapofanya kazi kubwa.

Cha kwanza ni lenzi. Taa za kisasa zina plastiki ya polikaboneti, na jua letu linaila. Taa iliyokuwa ya njano na ukungu inazuia mwanga kwenda mbele na inautawanya kwa anayekuja. Kupigwa polishi kunasaidia kweli, mradi ifanyike sawasawa: msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, kisha polishi, kisha vanishi ya kuzuia jua. Wengi wanaacha hatua ya mwisho, na taa inarudi kuwa ya njano baada ya miezi. Dawa ya mswaki inang'arisha kwa siku chache tu.

Cha pili ni umeme unaofika kwenye balbu. Mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Gari la miaka 15 lililokaa karibu na hewa ya bahari lina athi (nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi) zilizoshika kutu na swichi iliyochoka. Mwambie fundi umeme apime volti kwenye betri gari likiwa limewaka, kisha apime kwenye soketi ya taa huku taa zikiwa zinawaka. Tofauti ikizidi volti moja, dawa yake ni kusafisha athi na kuvuta waya mnene kupitia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Kazi hiyo inaleta mwanga zaidi kuliko balbu yoyote ya boksi la kung'aa.

Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni mwelekeo. Weka gari kwenye sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, na ile roda ya kushushia taa kwenye dashibodi iwe sifuri. Pima kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ya urefu huo ukutani. Washa taa fupi. Utaona mstari ambapo mwanga unakatika: unakwenda sawa upande wa kulia, kisha unapanda upande wa kushoto. Ule mstari wa sawa unatakiwa kuwa sentimita 10 chini ya alama yako. Nimemtazama fundi mmoja Tabata akifanya kazi hii jioni kwenye ukuta wa gereji: anazungusha skrubu ya nyuma ya taa kwa bisibisi ya nyota, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na mstari ukutani unapanda taratibu mpaka unakaa. "Taa yako nzima, bosi," alimwambia mwenye gari, "ilikuwa inatazama miguu yake."

Hesabu yake ni hii. Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini ikishuka asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10, mstari wake unagusa lami mita 65 mbele. Ikishuka asilimia 2, unagusa mita 32. Nusu ya barabara imepotea kwa skrubu. Hakuna tofauti ya halojeni na LED inayofikia hiyo.

Taa zinazojiendesha

Kuna mifumo miwili inayochanganywa kwenye matangazo. Wa kwanza unabadili taa ndefu na fupi peke yake: kamera nyuma ya kioo cha mbele inatafuta taa za wenzako, ikiziona inashusha, zikipita inapandisha. Kwenye Toyota nyingi unaanza kazi gari likifika kilomita 30 kwa saa hivi. Wa pili hauzimi taa ndefu. Unakata kipande cha giza pale tu alipo mwenzako na kuacha kwingine kukiwaka. Audi A8 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoutangaza sana kwa taa zake za LED za vipande, na Marekani iliruhusu mfumo wa namna hii mwaka 2022 tu, kwa sababu kanuni zao za zamani zilikuwa zinajua taa ndefu na fupi basi.

Kwa Dar mjini, mfumo wa kwanza hauna faida kubwa, kwa sababu magari hayakatiki na taa inabaki fupi muda wote. Nje ya mji, Bagamoyo au Mkuranga, unasaidia. Tatizo lake kwetu ni kwamba unatafuta taa. Bodaboda isiyo na taa na mtembea kwa miguu havionekani kwake kama watu wa kuhurumiwa, hivyo wanapigwa taa ndefu usoni. Mfumo wa pili ni bora sana kimaono, ila kwa magari yanayofika hapa bado uko kwenye yale ya bei kubwa. Ukiupata ndani ya gari unalolitaka kwa sababu nyingine, furahi. Kuufuata wenyewe, hapana.

Macho ya gari: kamera, leza, rada

Hapa ndipo mnunuzi wa gari la kuanzia mwaka 2010 anapohitaji kuangalia kwa makini, kwa sababu magari mawili yenye maandishi yanayofanana yanaweza kuwa na macho tofauti kabisa.

Kamera inajua umbo. Inatofautisha mtu, gari na alama ya barabarani, na inasoma mistari. Subaru walikuja na EyeSight mwaka 2008 kwenye Legacy: kamera mbili zilizopishana zinazopima umbali kwa tofauti ya picha zao. Toleo la pili la mwaka 2010 linaweza kulisimamisha gari kabisa kama tofauti ya mwendo kati yako na wa mbele haizidi kilomita 30 kwa saa. Kwa foleni ya Mandela au Tazara, hiyo inakufaa kila siku.

Leza inatoa miale ya infraredi na kupima muda inaporudi. Ni rahisi na inapima umbali vizuri, ila inaona karibu. Honda Fit ya mwaka 2013 ina mfumo wa hivi unaofanya kazi chini ya kilomita 30 kwa saa. Toyota walipoleta Toyota Safety Sense, mfumo wao wa kuzuia kugonga, mwaka 2015, walitoa vifurushi viwili: C, wenye kamera na leza, kwa magari madogo kama Axio na Fielder, na P, wenye kamera na rada, kwa magari kama Prius na baadaye Harrier ya 2017. C ya mwanzo ilitengenezwa kuona magari na kufunga breki kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa. P inaona na watembea kwa miguu. Tofauti hii huipati kwenye maneno ya muuzaji, lakini unaweza kuiona kwa macho: kwenye P, nembo ya mbele ya Toyota ni bapa na laini kama kioo, kwa sababu rada imekaa nyuma yake.

Rada inatuma mawimbi ya gigahezi 76 hadi 77, yenye urefu wa milimita 4 hivi. Mvua, vumbi na giza haviisumbui sana, na inapima mwendo wa kitu moja kwa moja. Udhaifu wake ni umbo, na kitu kilichosimama. Barabarani kuna vitu vingi vya chuma vilivyosimama, kama vibao, kingo za madaraja na nguzo. Gari likifunga breki kwa kila kimoja halitaendeka, kwa hiyo mifumo mingi ya zamani ikiwa kwenye mwendo mkubwa inavipuuza mpaka kamera ithibitishe. Sasa rudi kwenye lile lori bovu lenye matawi, saa 3 usiku, mbele ya Mlandizi. Rada inaliona lakini haina uhakika. Kamera ndiyo ya kuthibitisha, na kamera inaona kwa mwanga wa taa zako. Lenzi zako zikiwa za njano na taa zimeinama, gari lako lenye vifaa vyote hivyo linachelewa kuliona lori kama unavyochelewa wewe.

Ndiyo maana kati ya mifumo yote naweka mbele kamera na rada pamoja, kisha kamera mbili, kisha kamera na leza, na leza peke yake mwisho. Kamera mbili nazipenda mjini mchana na kwenye foleni. Kwa anayesafiri usiku na wakati wa masika, rada inaongeza kitu ambacho kamera haina.

Mambo ya hapa yanayoharibu macho haya ni ya kawaida sana. Kioo cha mbele kikipasuliwa na kokoto la lori, fundi anaweka kioo kingine na kurudisha kamera kwa kukadiria. Digrii moja ya kosa, kwa mita 50, ni sentimita 87, karibu upana wa bodaboda na dereva wake. Kamera inahitaji kupimwa upya kwa mashine baada ya kioo kubadilishwa. Fundi asiyekuwa nayo akubali hivyo kabla ya kazi. Tinti isipite mbele ya kamera. Nembo ikiibwa na ukabandikiwa ya kawaida yenye kromu nene, rada imefungwa macho. Na bampa ya mbele ikipigwa rangi na plasta, uliza rada imekaa wapi kabla brashi haijagusa.

Sensa ya mvua nayo ni kifaa cha mwanga: LED ya infraredi inapiga ndani ya kioo, kioo kikiwa kikavu mwanga wote unarudi, tone likikaa juu yake mwanga kidogo unatoroka na waipa zinaanza. Kati ya sensa na kioo kuna jeli nyembamba. Jeli ikiingia hewa wakati wa kubadili kioo, waipa zinapiga jua likiwaka.

Kuhusu mistari, onyo la kutoka nje ya njia lisikuongezee bei hata shilingi. Barabara ya Morogoro kuna mistari mizuri sehemu nyingi. Mitaani mistari imefutika au haikuwahi kuwepo.

Kuona usiku kwa infraredi, kama ule mfumo wa Crown Hybrid ya mwaka 2008, kunavutia sana ukionyeshwa. Toyota wanatumia infraredi ya karibu: taa isiyoonekana inamulika, kamera inasoma. Wengine, kuanzia Cadillac DeVille ya mwaka 2000, wanasoma joto la mwili. Kwa baridi ya Ujerumani mtu anang'aa kwenye picha ya joto. Kwa usiku wetu wa digrii 26, na lami iliyochemka kutwa nzima, tofauti ni ndogo. Na vyote viwili vinakutaka utazame skrini badala ya barabara. Ukiwa na mfumo huu utumie, lakini kati ya Crown mbili zinazolingana, chagua ile yenye bodi nzima.

Jambo moja la nyuma ya gari, kwa kifupi kwa sababu halina utata. Taa ya breki ya LED inawaka mara moja; balbu ya uzi inachelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita 4 na nusu ambazo anayekufuata anazipata bure. Hapa, tofauti na mbele, LED nzuri ya kubadilisha ina maana, mradi iwe nyekundu na isipige moja kwa moja hata breki zikiwa hazijakanyagwa.

Kwa nani kipi

Mwenye Vitz, IST au Probox anayezunguka mjini tu: baki na halojeni. Lenzi, athi, mwelekeo, na balbu mpya ya kampuni inayojulikana, wati 55 au 60/55 kama ilivyoandikwa. Fedha inayobaki weka kwenye breki na matairi.

Anayefanya safari za usiku kwenda Chalinze, Tanga au Morogoro, au dereva wa Noah anayebeba abiria: tafuta gari lenye zenoni au LED ya kiwandani kwenye projekta, na kwa sensa, kamera na rada. Kati ya Fielder yenye C na Prius yenye P za mwaka mmoja, kwa safari hizi naichukua Prius.

Anayeishi kwenye foleni, Kimara hadi mjini asubuhi na jioni: EyeSight ya toleo la pili au la tatu, au C, vyote vitakulinda na kugonga nyuma ya gari la mbele pale unapozubaa sekunde moja. Usilipe zaidi kwa rada.

Bodaboda na bajaji: pachika stika za kuakisi nyuma na pembeni, na hakikisha taa ya nyuma inawaka. Kwa wengi hiyo ndiyo mita 100 ya kwanza ya usalama, na inagharimu kidogo kuliko tairi.

Ukienda kukagua gari, nenda saa 1 usiku, si saa 4 asubuhi. Muombe muuzaji alisogeze mbele ya ukuta uone mstari wa mwanga. Kisha washa funguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi: taa ya onyo la mfumo wa kuzuia kugonga inatakiwa kuwaka, na injini ikishaungurumishwa izimike. Ikibaki inawaka, kamera au rada ina shida na bei ishuke. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, uliza nani aliyeizima.